Ufuta wangu Nyangao: chini vitumba vinafunguka, juu bado kijani. Nikate lini?

MwanaNyangao, 9 Mei, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada wa haraka kwa wenye uzoefu wa ufuta, hasa wa huku kwetu Lindi na Mtwara, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Nina ekari tatu Nyangao. Ekari mbili za juu nilipanda tarehe 28 Januari, leo zina siku 101. Ekari moja ya bondeni wale wadudu warukao waliimaliza ikiwa bado na majani mawili, nikarudishia tarehe 20 Februari. Hiyo ina siku 78 na bado inatoa maua. Mbegu ni ya aina ya Lindi 2002.

Shida yangu ni hizo ekari za juu. Majani ya chini yamekuwa manjano na mengi yameshadondoka. Shina limeacha ukijani, lina umanjano unaoelekea wekundu. Maua yamebaki mawili matatu kileleni. Jioni hii nimepita nikahesabu miche kumi: mitano ina kitumba kimoja au viwili vya chini vilivyogeuka kahawia, na kwenye mche mmoja kitumba kimeshafungua mdomo. Nimekiinamisha kwenye kiganja, mbegu zote zikamiminika. Lakini nusu ya juu ya mche vitumba ni kijani kibichi.

Mwaka jana nilisubiri. Zamani marehemu baba ndiye aliyekuwa anasema "kesho tunakata", sisi tunanoa mapanga. Mwaka jana ulikuwa wa kwanza bila yeye, nikaona nisubiri shamba lote liwe kahawia kama tunavyosubiri mahindi yakauke. Kusi likavuma siku mbili. Nilipoingia shambani, kati ya mistari palikuwa peupe kama mtu kamwaga chumvi. Nikaambulia kilo 180 kwa ekari mbili.

Mwaka huu sitaki kurudia. Ila pia jirani yangu kakata wiki iliyopita mashina yakiwa kijani kabisa, na sijui kama na yeye yuko sahihi. Vibarua wananiuliza kila asubuhi. Nikate au nisubiri?

---

KijanaWaMtwara, 9 Mei, saa 2:40 usiku

Kata kesho mkuu. Kitumba kimoja kikishafunguka, vingine havikusubiri. Ndio hivyo tu.

---

Ruangwa_Juu, 9 Mei, saa 3:05 usiku

Mimi naomba nitofautiane. Ukikata sasa, ile nusu ya juu ya kijani unaitupa. Mbegu changa ikikauka inasinyaa, ukipepeta inaondoka na makapi. Kwetu tunasubiri vitumba nusu vigeuke rangi ndipo tunaingia. Subiri siku nane hadi kumi.

---

Mama_Mtama, 10 Mei, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu MwanaNyangao, pole kwa ya mwaka jana, na Mungu amrehemu mzee wako. Nimelima ufuta tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na nitakwambia nilivyofundishwa na mama yangu.

Rangi ya kitumba kwa nje inakudanganya. Kitumba kinaweza kuwa kijani na ndani mbegu imeshapevuka, tena imemaliza kabisa. Kwa hiyo usipime ukiwa umesimama kwenye njia. Ingia katikati ya shamba na kisu kidogo. Chagua mche wa kawaida, usichague ule mrefu kuliko wote wala ule uliodumaa. Hesabu vitumba vya shina kuu kutoka chini kwenda juu. Ukivigawa mafungu manne, nenda pale fungu la tatu linapoishia, yaani robo tatu ya njia ya kupanda. Chuma kitumba cha hapo, kipasue kwa urefu.

Ndani utaona mbegu zimejipanga safu safu. Zikiwa nyeupe kama maziwa, zina majimaji, ukibonyeza kwa ukucha zinapondeka, bado. Zikiwa zimepata rangi yake ya krimu, ngumu kidogo, na ile ncha iliyochongoka imeingia weusi, na kuna mstari mwembamba mweusi ubavuni, hizo zimepevuka. Hapo hata kitumba kiwe kijani kwa nje, wewe kata. Itamalizia kukauka kwenye kitita.

Fanya hivyo sehemu tatu au nne, kisha uje utuambie umeona nini. Na usimwangalie jirani. Jirani hakupanda siku uliyopanda wewe.

---

MwanaNyangao, 10 Mei, saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mama. Asante sana, naingia shambani sasa hivi.

---

Mama_Mtama, 10 Mei, saa 1:10 asubuhi

Marahaba mwanangu. Beba na kitambaa cheupe uzimwagie hapo, kwenye kiganja chenye udongo hutaona ile ncha.

---

UganiMstaafu, 10 Mei, saa 4:33 asubuhi

Nimefurahi kuona uzi huu. Nilikuwa afisa ugani huku kusini miaka mingi na swali hili ndilo nililoulizwa kuliko yote. Alichosema Mama_Mtama ndicho kipimo chenyewe, sina cha kupunguza. Naongeza hesabu, kwa sababu mkulima akiiona hasara kwa kilo hatasahau.

Kitumba kimoja kina mbegu kama 70. Mbegu elfu moja za ufuta zina uzito wa gramu 3 hivi. Sasa chukua shamba lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, yaani miche 20 kwenye mita moja ya mraba. Kila mche ukipukutisha vitumba viwili tu vya chini, hiyo ni mbegu 2,800, karibu gramu 8 na nusu. Ekari ina mita za mraba kama 4,047. Zidisha: ni kilo 34 kwa ekari zimelala chini, na shamba ukilitazama kwa mbali bado linapendeza, linaonekana limejaa.

Ndugu Ruangwa_Juu, hoja yako ya nusu ya juu naiheshimu, mbegu changa kweli husinyaa. Lakini kumbuka vitumba vya chini ndivyo vilivyotangulia kushiba, mche ukiwa na nguvu na mvua ikiwepo. Vya kileleni ni vidogo na mbegu zake ni nyepesi. Ukisubiri kile kitumba cha mwisho kule juu, unakilipia kwa vile vizito vya chini.

Na kwako MwanaNyangao, kuhusu jirani yako aliyekata mashina yakiwa kijani: kama robo tatu haikuwa imepevuka, atapata mbegu nyingi zilizokunjamana, na mafuta yatakuwa pungufu. Ufuta uliopevuka vizuri karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

---

MwanaNyangao, 10 Mei, saa 6:15 mchana

Nimerudi. Nimepima sehemu nne.

Kwenye mteremko, udongo wa kichanga: mche una vitumba 44. Nimepasua cha 33. Mbegu ngumu, krimu, ncha nyeusi kabisa, mstari unaonekana.

Katikati: vitumba 51, nimepasua cha 38. Hivyo hivyo.

Karibu na mkorosho mkubwa, penye kivuli mchana: mbegu zimepata rangi lakini ncha haijaingia weusi vizuri, na ukucha unaingia.

Ukingoni kuelekea bondeni, udongo mzito: bado maziwa kabisa. Na hii ni mbegu ileile ya siku ileile!

Kwa kweli nimeshangaa. Mwaka jana yote haya nilikuwa nayaona shamba moja.

---

Mama_Mtama, 10 Mei, saa 6:50 mchana

Basi shamba limekujibu. Mteremko na katikati kata. Chini ya mkorosho subiri siku nne tano upime tena. Ukingoni achana nako, kutakwenda na bondeni. Penye unyevu ufuta unajisahau, unaendelea kuchanua wakati wenzake wameshafunga kazi.

---

Ruangwa_Juu, 10 Mei, saa 7:30 mchana

Mama na mzee wetu wa ugani nimewaelewa. Nieleze tu sisi tunavyofanya. Kwetu tuko ndugu kumi na wawili, ekari moja tunaimaliza kabla jua halijakolea. Shamba liko nyuma ya kilima, kusi halitupigi. Ndiyo maana tunaweza kusubiri nusu. Mtu mwenye vibarua wawili na shamba liko wazi, kweli asifuate yangu.

---

UganiMstaafu, 10 Mei, saa 8:05 mchana

Hilo ni neno zuri na watu wengi hawalisemi. Siku ya kuanza kukata inategemea pia unamaliza siku ngapi. Kama ekari mbili zitakuchukua siku sita, basi ile ya siku ya sita ndiyo itakayopukutika, sio ya leo. Anza mapema kidogo kwa ajili yake.

---

BintiKilwa, 10 Mei, saa 1:20 usiku

Naomba niongelee mvua, maana wengi mnazungumza kama mvua imeshafunga.

Mwanzoni mwa Mei 2024 tulikuwa tumeshakata sehemu, vitita vimesimama, ndipo kikaja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza mapema, lakini sisi tulijua Mei mvua inaaga. Vitita vyetu vilisimikwa chini moja kwa moja, bila chaga ya fito ya kuviegemeza. Vitumba vilivyokuwa vimefungua mdomo vikajaa maji. Mbegu zikabadilika rangi, zikawa na madoa meusi, nyingine zikaota mle mle ndani ya kitumba. Barabara ya kwenda Dar ikakatika pale Somanga, hata maturubai ya kununua hayakufika.

Kosa kubwa lilikuwa baada ya mvua. Tulifunika vitita kwa nailoni vikiwa bado vimelowa, tukidhani tunavilinda. Siku tatu, ukifunua unapigwa na joto na harufu ya uvundo. Sehemu ya kaka yangu, ambaye hakufunika bali alivitikisa maji na kuvitenganisha upepo upite, alipoteza kidogo sana.

Kwa hiyo MwanaNyangao, kabla ya kukata hata mche mmoja, sikiliza utabiri wa siku kumi. Mvua ikiwa inakuja na ufuta umebakiza siku tano, uache usimame. Mche uliosimama na vitumba vimefunga unavumilia mvua kuliko kitita.

---

MwanaNyangao, 10 Mei, saa 2:00 usiku

Pole sana dada. Utabiri nimesikia, wiki hii ni kukavu, kusi la wastani. Naanza tarehe 12 alfajiri. Vitita vya ukubwa gani? Na baba alikuwa anakata asubuhi sana, sijawahi kujua kwa nini.

---

Mama_Mtama, 10 Mei, saa 2:25 usiku

Kwa sababu ya umande. Umande unakilainisha kitumba, hakipasuki ovyo ukikigusa. Jua likishapanda, saa nne hivi, kila ukitikisa mche unasikia chwaa chini. Hapo ukiacha panga ukaendelea kufunga, umefanya la maana.

Kata usawa wa chini ya kitumba cha kwanza, kwa mkono mmoja shina umelishika, lisianguke. Fungia hapo hapo ulipokata. Kitita kiwe cha kushikwa kwa mikono miwili vidole vikutane, kikubwa zaidi ya hapo katikati hakikauki. Kamba ya magome inatosha, funga mara mbili, chini na juu. Na ubebe kikiwa wima kifuani kama mtoto. Hapa ndipo vijana wanapomwaga ufuta: anakitupa begani, vichwa vinaning'inia mgongoni, anatembea huku anapanda shamba upya.

---

UganiMstaafu, 10 Mei, saa 3:10 usiku

Tengeneza chaga: fito mbili mlalo juu ya nguzo, vitita unaviegemeza pande zote mbili, vichwa juu. Chini tandika turubai, au hata mikeka iliyoshonwa. Kama huna turubai la kutosha, safisha uwanja, usiruhusu mashina yagusane na udongo mbichi, mchwa watapanda usiku mmoja. Geuza vitita vya ndani vije nje kila baada ya siku chache. Kagua kunguni wadogo wa kahawia wanaofyonza mbegu kwenye vitita vilivyokaa sana, wanaiacha mbegu imesinyaa na chungu.

---

Tandahimba_88, 11 Mei, saa 5:40 asubuhi

Samahanini wazee, swali la mtu wa korosho. Mbona hawatoi mbegu ya ufuta ambayo haipasuki? Korosho ikidondoka naiokota, huku nyie mnahangaika na mbegu ukubwa wa mchanga.

---

UganiMstaafu, 11 Mei, saa 6:25 mchana

Swali zuri. Ufuta usiopasuka ulipatikana kitambo, Venezuela mwaka 1943, kwenye mashamba ya mtafiti Langham. Tatizo vitumba vyake vilikuwa vigumu mno kufunguka, kupura ni shida, mbegu zinaumia. Tangu hapo watafiti wanatafuta katikati: kitumba kinachofungua mdomo lakini mbegu zinang'ang'ania ndani, na aina za namna hiyo zinalimwa Marekani kwa kuvunwa na mashine. Za kwetu za kituo cha utafiti cha Naliendele, yaani Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 2002 na Mtondo 2013, zinapasuka zote, kwa hiyo jicho na kisu bado vinahitajika.

---

MwanaNyangao, 13 Mei, saa 1:45 usiku

Taarifa: jana na leo tumekata mteremko na katikati. Watu watano, saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa nne. Mama, umande kweli! Saa mbili asubuhi nilikuwa nakata kimya kabisa. Saa nne kasoro nikasikia ile chwaa uliyoisema, nikawaambia wote wawekeni mapanga.

Nilitandika kanga ya mke wangu chini ya mistari sehemu moja kabla ya kukata, nione tunapoteza kiasi gani. Nikahesabu mbegu 212 kwenye mita moja ya mraba. Kwa hesabu ya mzee wa ugani hiyo ni chini ya kilo tatu kwa ekari. Nimekaa pale nikazitazama muda mrefu.

Kuna mtu kapita na pikipiki anataka kununua vikiwa kwenye chaga hivyo hivyo, kwa bakuli, pesa mkononi.

---

Ruangwa_Juu, 13 Mei, saa 2:10 usiku

Hiyo ndiyo chomachoma mkuu, kununua ufuta nje ya mnada. Anajua una vibarua wa kuwalipa. Kama una njia nyingine ya kuwalipa, vumilia mpaka mnada wa chama cha ushirika, yaani AMCOS, peleka huko ukapate bei ya ghalani. Bakuli lake halina kilo inayojulikana.

---

Mama_Mtama, 13 Mei, saa 2:30 usiku

Na huyo ndiye anayewafanya watu wakate kabla ya wakati. Si ufuta unaowaharakisha, ni pesa ya pikipiki. Mwambie ahsante, aende salama.

---

BintiKilwa, 14 Mei, saa 3:00 asubuhi

Naongeza kitu kimoja: mchanga. Mwaka mmoja tulipura kwenye uwanja wa udongo, ghalani wakaturudisha na viroba vinne. Chembe ya mchanga wetu na mbegu ya ufuta ukubwa mmoja, ungo hauwezi kuvitenganisha. Tulikesha siku mbili tunapepeta na kupepeta. Kung'utia juu ya turubai tu, na viatu uvue.

---

MwanaNyangao, 30 Mei, saa 12:50 jioni

Wakuu, nimerudi na matokeo.

Chini ya mkorosho nilipima tena tarehe 17, ncha zilikuwa zimeingia weusi, nikakata tarehe 18. Vitita vya kwanza vimekaa kwenye chaga siku 16. Jana, upepo umetulia, tumevigeuza kimoja kimoja vichwa chini juu ya turubai na kuvigonga taratibu kwa fimbo. Mbegu zilishuka kama mvua ya rasharasha. Nilichukua kitita kimoja nikapasua vitumba vya juu vilivyokuwa kijani siku ya kukata. Vimefunguka vyenyewe, na mbegu za ndani zimejaa, isipokuwa vitumba vinne vitano vya kileleni ambavyo vimesinyaa.

Mkung'uto wa kwanza baada ya kupepeta: kilo 338. Nimevirudisha vitita kwenye chaga kwa mkung'uto wa pili wiki ijayo. Naanika kwenye turubai siku mbili zaidi. Nikiuma mbegu inapasuka meno yanasikia, ila nitasubiri waipime unyevu AMCOS.

---

UganiMstaafu, 30 Mei, saa 1:30 usiku

Hongera sana kijana. Unyevu usizidi asilimia 8, na ukitaka kuweka mbegu ya msimu ujao ushushe hadi 6. Mbegu hiyo chagua kutoka vitita vya katikati ya shamba, uihifadhi peke yake.

---

Mama_Mtama, 30 Mei, saa 2:05 usiku

Nimefurahi mpaka machozi. Bondeni je?

---

MwanaNyangao, 2 Juni, saa 12:40 asubuhi

Mama shikamoo. Niko bondeni sasa hivi, siku 102. Vitumba 39, nimepasua cha 29. Ncha imeingia weusi kwenye safu tatu, safu moja bado ina ukahawia mwepesi. Kwa nje vyote kijani, hakuna hata kimoja kilichofungua mdomo. Kusi limeanza kuvuma kwa nguvu tangu juzi na nina watu watatu tu. Nimewaambia waje kesho alfajiri.

---

Mama_Mtama, 2 Juni, saa 1:00 asubuhi

Marahaba. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Anzia upande upepo unakotokea.